Depo ina kesi ya kujibu?

Mwanamke anayeingia kazini alfajiri na kutoka giza likiwa limeshaingia huichagua Depo, sindano ya uzazi wa mpango, kwa hesabu tu: miligramu 150, sindano moja ya msuli, kisha hakuna foleni tena hadi wiki ya 13. Zamu ikibadilika akachelewa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unaruhusu achomwe hata wiki 4 baada ya tarehe yake. Hana kidonge cha kuficha kwenye pochi wala cha kumweleza mume asiyetaka kusikia. Ndiyo maana tuhuma kwamba sindano hiyo inaifungulia VVU mlango zilimgusa yeye kuliko wengi.

Tuhuma hazikuokotwa barabarani. Utafiti wa jozi 3,790 za wapenzi katika nchi saba za Afrika, mmoja akiwa na VVU na mwenzake hana, ulionyesha mwaka 2011 kwamba wanawake waliotumia njia za homoni waliambukizwa karibu mara mbili ya wasiotumia: 6.61 dhidi ya 3.78 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Mwaka 2017 WHO ikaitoa Depo kundi la 1, la njia zisizo na kizuizi, na kuiweka la 2 kwa walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa VVU: itumike, ila mteja aelezwe wasiwasi uliopo.

Tatizo ni kwamba wanawake hao walijichagulia njia wenyewe. Aliyechomwa sindano kwa kuogopa mimba huenda akaiweka kondomu kando. Hapo utamshtaki nani, homoni au kondomu isiyovaliwa?

Jaribio la ECHO likaamua kugawa njia kwa bahati nasibu, kwa wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Kenya, Eswatini na Zambia. Matokeo ya Juni 2019: maambukizi 143 kwa waliopewa Depo, 138 kwa kitanzi cha shaba, 116 kwa kipandikizi. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe, na bado kiko bega kwa bega na Depo. Agosti mwaka huohuo WHO ikairudisha Depo kundi la 1.

Wenye shaka wanasema hapakuwa na kundi lisilotumia njia yoyote, na kwamba jaribio liliundwa kunasa ongezeko la asilimia 50, si dogo zaidi. Ni kweli, na mwanamke akiuliza aambiwe hivyo. Anayeona pengo la 143 na 116 linamtosha, apewe kipandikizi. Ila aambiwe pia kwamba efavirenzi, dawa ya VVU, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukipunguzia kipandikizi nguvu, wakati Depo haitetereki.

Sasa tazama namba ambayo mabishano yote haya yameipita: 3.81. Ndiyo maambukizi kwa kila wanawake 100 kwa mwaka, njia zote tatu zikijumlishwa. Na hawa hawakuwa wanawake waliotelekezwa. Walipewa ushauri, kondomu, na kupimwa VVU kila baada ya miezi mitatu. Walikuja kutafuta uzazi wa mpango, 397 wakaambukizwa. Ukiiondoa Depo kesho, namba hiyo haishuki, na mimba zisizotarajiwa zinapanda. Kosa liko kwenye chumba kinachochoma sindano kwa dakika tano bila kutaja VVU hata mara moja.

Na chumba hichohicho kinaweza kutoa dawa ya kujikinga na VVU. Mwaka 2024, katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliopewa lenakapaviri aliyeambukizwa. Hiyo huchomwa kila wiki 26, yaani ziara moja ya Depo ndiyo, moja siyo; mwajiri haombwi ruhusa ya ziada. Siku ya kwanza apimwe VVU, achomwe sindano mbili chini ya ngozi ya tumbo, ameze vidonge viwili palepale. Viwili vya kesho yake asiondoke bila kuvitia mfukoni, maana bila hivyo dawa huchelewa kufika kiwango cha kumkinga.