Kuku wa Wakwe na Herufi F

Mudi ameshaimwaga kwenye grupu la mtaa kwamba nimepigwa shoti na oveni nikalia mbele ya wakwe. Uongo mtupu. Shoti sikupigwa. Na machozi yalikuwa ya moshi, hata paka wa jirani alitokwa nayo. Ngoja niiseme mwenyewe kabla haijafika Tanga na viungo vya ziada.

Ile oveni mnaijua, mtumba wa Ujerumani. Kila aliyefika kwangu ameoneshwa, hata kama alikuja kukopa chumvi. Sasa, Mama Nasra alimlaza kuku kwenye viungo usiku kucha, akamwingiza ndani, akaenda stendi ya Mbezi kupokea wazazi wake. Maagizo yalikuwa mafupi: "Baba Nasra, usiguse kitu. Ikilia, zima."

Ikalia. Pii, pii, pii. Kwenye kioo saa imepotea, imebaki F na namba yake, zinawakawaka. Mwenye akili zake angezima akasubiri mwenye jiko. Mimi nikaingia mtandaoni. Kumbe F kwa kampuni hii ni kihisi joto, kwa ile ni kufuli la mlango, kwa nyingine ni kitufe kimenasa. Kitabu cha oveni ninacho, ila ni Kijerumani mwanzo mwisho, na Kijerumani changu kinaishia kwenye majina ya wachezaji.

Nikamwita Mudi. (Ndiyo, Mudi, kwenye simulizi yako hukuwepo kabisa, nimeona.) Akaja na bisibisi zake, akaizunguka oveni, akaguna, akatoa hukumu: "Imeganda tu hii, kaka. Kata umeme, rudisha." Nikashusha swichi yake ukutani, tukanywa chai, nikapandisha. F imeyeyuka! Tukagongeana mikono kama tumeshinda zabuni.

Shida, kuku bado mweupe na basi linakaribia. Mudi akasema tutafute moto mkali. Kwenye ile swichi ya kuzungusha kuna michoro: feni, mistari, na kimoja cha vidoti vidoti ambacho hatukuwahi kukitumia. Nikasema huo ndio wenyewe. Nikazungusha, nikabonyeza.

Klak.

Mnaojua oveni mmeshaanza kucheka. Wengine niwaeleze: zipo oveni zinazojisafisha zenyewe. Zinapanda hadi karibu nyuzi 500 ili mafuta yote yaliyoganda yageuke majivu, na mlango unajifunga usije ukajiunguza. Mafuta yote, ndugu zangu. Oveni haiulizi kama ni ya kwenye kuta au ya kwenye paja.

Mwanzoni kuku akawa rangi ya dhahabu, tukampongeza. Kisha kahawia. Kisha ncha za mabawa zikaanza kujikunja. Uzi ambao Mama Nasra alimfungia miguu ukawaka kidogo, ukakatika, na miguu ikaachana taratibu, taratibu, mmoja ukaja kuegemea kioo upande wangu. Nikavuta mpini. Wapi! Mudi akanishika kiuno tukavuta wawili. Oveni ikasogea, mlango haukufunguka. F ikarudi, inawaka. Kwa hasira nikaenda kuzima swichi ya ukutani, kumbe ndiyo nimemaliza kazi: kufuli lile linaendeshwa na mota, na mota bila umeme haifungui kitu.

Moshi umetanda mpaka sebuleni. Hapo ndipo nikasikia, "Hodi hapa!"

Geuka nimtafute Mudi. Hayupo. Mlango wa nyuma uko wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona kama kuna ukungu?"

Mama mkwe hakusubiri jibu. Akaingia jikoni na kanga yake, akachuchumaa mbele ya oveni, akawasha tochi ya simu, akamulika kwenye kioo. Akatazama. Akahama upande wa pili, akatazama tena. Mimi nimesimama na taulo la vyombo mkononi, jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Akanigeukia kwa upole wote wa watu wa Tanga:

"Baba Nasra, kwetu maiti huzikwa. Hachomwi."

Baba mkwe akatoka nje ghafla kukohoa. Kikohozi gani kile cha kupiga magoti? Mama Nasra yeye hakusema neno. Wenye ndoa mnaelewa ukimya huo unagharimu nini.

Yaliyobaki ni mafupi. Wakwe walikula chipsi za kibanda cha kona. Kesho yake fundi akarudisha umeme, oveni imepoa, klak, mlango ukajifungua wenyewe. Akapima kihisi joto kwa mita yake, kikasoma ukinzani wa umeme kama omu 1,100, kizima kabisa kwa joto letu hili. Plagi ya waya wake nyuma ndiyo iliyolegea, siku nilipoisukuma oveni ukutani ili ikae vizuri kwenye picha. Akaikaza, akachukua hela yake, akaenda akicheka. Kuku tulimtoa kwa brashi. Ila oveni, sitaki kudanganya, haijawahi kung'aa vile tangu ishuke kwenye kontena.

Mudi, bisibisi zako ninazo. Uje kuzichukua jioni, mama mkwe bado yupo na amekuulizia kwa jina.