Maktaba za programu ngeni zikae wapi?

Fundi anayelihamisha duka la dawa kutoka Windows kwenda Debian (mfumo huria wa familia ya Linux), iwe Mwanga au Ujiji hapa Kigoma, hukwama palepale: programu ya stoo. Mwenye duka haiachi. Iliandikwa zamani, ni ya biti 32, na ili ifanye kazi kwenye mashine ya biti 64 inataka Wine (inayoendesha programu za Windows juu ya Linux) pamoja na lundo la maktaba za biti 32, yaani mafaili ya msimbo ambayo programu huyaazima. Hapo mafundi hugawanyika. Wengi husema zichanganywe na za mfumo, apt (kisakinishi cha vifurushi cha Debian) izitunze zote. Wachache, nami nimo, tunataka zipewe folda ya peke yake. Tunaonekana watu wa kupenda usafi kupita kiasi, na hoja yetu huishia hapo kabla haijasikilizwa.

Njia ya wengi ina akili. Unaandika `dpkg --add-architecture i386` (i386 ni jina la Debian kwa biti 32), na maktaba za biti 32 zinaingia `/usr/lib/i386-linux-gnu`, jirani kabisa na za biti 64. Windows nayo huziweka jirani: programu ya biti 32 ikiomba folda ya System32 hupelekwa kimyakimya SysWOW64, ilhali System32 yenyewe, pamoja na jina lake, imejaa mafaili ya biti 64. (Aliyeyapanga majina hayo hakuwahi kumwelekeza mtu kwa simu.)

Tatizo ni bando. Kwenye Debian, maktaba iliyowekwa kwa biti 64 na biti 32 kwa pamoja lazima iwe toleo lilelile pande zote mbili. Huwezi kusasisha libc ya mfumo (maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu kila programu) ukaiacha ile ya i386. Maana yake ni kwamba kwa ajili ya programu moja ya stoo, kila sasisho la maktaba hizo unalishusha mara mbili. Baya zaidi, pande hizo mbili zikipishana, apt husimama. Ukiilazimisha, inakupa orodha ya vifurushi itakavyoviondoa, majina yamebanana mistari kumi, wine imejificha katikati, halafu inauliza Y au n. Saa kumi na mbili jioni, mteja kasimama kaunta, fundi anabonyeza Y. Asubuhi programu ya stoo haifunguki na mwenye duka anataka arudishiwe Windows. Nimeona duka likikaa bila masasisho ya usalama kwa sababu fundi wake aliogopa orodha hiyo. Yaani programu ngeni ndiyo inayoamua lini mfumo mwenyeji utibiwe.

FreeBSD, mfumo mwingine huria usio Linux, ilichagua vingine. Maktaba za Linux hukaa `/compat/linux`. Programu ya Linux ikiomba faili, kerneli (kiini cha mfumo) hutafuta humo kwanza, isipolikuta ndipo inatafuta kwenye mfumo wenyewe. Programu za FreeBSD haziendi huko. NetBSD, ndugu yake, hutumia `/emul`. Hata Debian unaweza kufanya hivyo: debootstrap inakujengea Debian ndogo ya i386 ndani ya folda, tuseme `/srv/i386`, nawe unaiendesha kwa chroot, amri inayoifanya programu ione folda hiyo kama mfumo mzima. Ukiichoka, hakikisha hakuna kilichounganishwa ndani yake kwa mount, kisha uifute. Mfumo hautahisi. Na kwetu, folda hiyo inafungwa kwa tar kuwa faili moja, inawekwa kwenye fleshi na kupelekwa duka la pili bila kununua hata MB moja.

Watu wa Kigoma tunaujua mpango wa namna hii. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo yake ndani ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kuchanganywa. Mizigo ilipita vizuri. Lakini mwenye bandari hakuwa na sauti mle ndani, na mwaka 1961 Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika huru haitafungwa na mkataba ule.

Hapo ndipo wapinzani wetu wana hoja nzito. Folda ya pembeni hakuna anayeichungulia. OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) ilipokutwa na tundu la usalama lililoitwa Heartbleed mwaka 2014, aliyeweka nakala moja aliziba mara moja. Mwenye nakala tatu alipaswa kuzikumbuka zote tatu. FreeBSD yenyewe ilitegemea maktaba za CentOS 7 (Linux ya aina nyingine), ambayo matunzo yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024. Imehamia Rocky Linux 9, lakini mashine ambayo mwenyewe hakuigusa bado inabeba zile za zamani. Na kuna kero ndogo: ikiwamo `/compat/linux/tmp`, programu ya Linux huandika humo, wewe ukitafuta kwenye `/tmp` hukuti kitu.

Kwa ofisi yenye mtu wa IT na mtandao usiokatika, sitabishana na wengi. Kwa duka linalojiunga bando la wiki, hasara ya nakala iliyozeeka pembeni ni ndogo kuliko ya mfumo mzima kugoma kusasishwa, mradi hiyo nakala ya pembeni isipewe kivinjari wala barua pepe.

Kabla ya yote hayo, jaribu Wine 9.0 ya Januari 2024 au mpya zaidi, iliyojengwa kwa WoW64 mpya. Hiyo huendesha programu za Windows za biti 32 bila maktaba zozote za Linux za biti 32, na vya Windows kwa kawaida hubaki ndani ya `~/.wine`. Programu ya stoo ikikubali humo, i386 usiiguse kabisa. Ikikataa, ndipo ujenge `/srv/i386`, na tarehe ya kuisasisha uiandike kwa kalamu juu ya kava la kompyuta.