Obama kabla ya Washington: mwanasheria aliyewaengua wapinzani wake

Wengi huanza habari za Barack Obama na hotuba yake kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democrat, Boston, mwaka 2004. Mimi naona tulipaswa kumsoma tangu Januari 1996, kwenye bodi ya uchaguzi ya Chicago.

Alikuwa akiwania kiti katika Seneti ya jimbo la Illinois, si ile ya Washington. Alice Palmer, mwenye kiti hicho, alikuwa amemtambulisha kama mrithi wake, huku yeye akigombea Bunge la Marekani. Aliposhindwa huko, akataka kiti chake. Obama hakumpisha. Watu wake wakazichukua fomu za wadhamini za wapinzani na kuzipitia jina kwa jina: huyu hajaandikishwa, yule anaishi nje ya eneo, huyu ameandika jina badala ya kutia saini. Kila mgombea alitakiwa kuwa na saini halali 757. Wapinzani wote wanne wakatoka, na Obama akaingia kwenye mchujo wa Democrat peke yake.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Sheria ilikuwa moja kwa wote, na mapingamizi ya saini ni jambo la kawaida Chicago. Tena haifanani na uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 Tanzania, ambako wasimamizi, watumishi wa serikali, waliwaengua wapinzani kwa makosa ya kujaza fomu.

Hata hivyo, hoja hiyo hainitoshi. Huyu ndiye aliyeongoza Project Vote mwaka 1992, kampeni iliyoandikisha wapiga kura wapatao 150,000. Akiwa wakili, alishiriki kesi ya kuilazimisha Illinois kutekeleza sheria ya kurahisisha uandikishaji. Alijua kuliko wengi jinsi kasoro ndogo ya karatasi inavyomnyima mtu kura. Wakazi wa South Side, upande wa kusini wa Chicago, walistahili kuchagua kati yake na Palmer, na nafasi hiyo waliikosa. Alipokutana na mpinzani mzito mchujoni, mwaka 2000 alipowania Bunge la Marekani, Bobby Rush, mbunge mwenye kiti hicho, alimbwaga kwa asilimia 61 kwa 30.

Kinachonifanya nisite kumhukumu ni mwaka 2003. Illinois ilikuwa na aibu: watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wameonekana hawana hatia na kuachiwa. Obama akapeleka muswada wa kutaka mahojiano ya polisi na watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe kwa video. Polisi na waendesha mashtaka wakapinga. Akakaa nao, kifungu kwa kifungu, mpaka Seneti ya Illinois ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge lake.

Wakosoaji husema mwaka ule alibebwa na Emil Jones, rais mpya wa Seneti, aliyemkabidhi miswada mingi. Ni kweli Jones alimsaidia sana. Lakini kuwashawishi polisi wakubali kamera ndani ya chumba cha mahojiano ni kazi aliyoifanya Obama mwenyewe.