Watoto hawachezi nje tena, na sio ughaibuni tu

Sisi tuliokulia Tanzania miaka ya 80 tukikutana huku Uingereza, iwe harusini iwe msibani, mazungumzo lazima yaishie kwenye utoto. Na kila mtu anasema kile kile, sisi tulikuwa huru bwana, hawa wetu wanalelewa kifungoni. Nakubali kabisa. Ila sababu ndio tunakosea, tunasema ni uzungu, ni sheria za huku, ukimwachia mtoto serikali inamchukua. Mimi sioni hivyo.

Kumbukeni tulivyoishi. Likizo ukishakunywa chai unapita kuwaita wenzio, mnaanza na chandimu, mpira mmeufunga wenyewe kwa soksi na matambara na kamba za nailoni, jua likiwaka mnahamia chini ya mwembe, wasichana wanacheza mdako, jioni rede, halafu giza likianza kuingia ndio kombolela inanoga sasa, mmoja kaziba macho ukutani anahesabu, wengine mmeshapotelea nyuma ya mabanda ya watu na hakuna anayeuliza unajificha kwa nani. Sheria ya nyumbani ilikuwa moja tu, ukiitwa uitike.

Lakini nini kilituruhusu? Magari hayakuwepo! Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin mwaka 1979, fedha za kigeni hakuna, mafuta ya shida, mpaka kuna kipindi magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Barabara ya mtaa ndio ilikuwa uwanja wetu. Televisheni Bara haikuwepo mpaka 1994 (Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973), kwa hiyo ndani hakukuwa na cha kumkalisha mtoto. Na wakubwa walikuwepo barazani, wanachambua mchele, wanasukana, wanakuona bila kukufuata.

Sasa wenyeji wa huku nao, ukikaa na wazee wao wanakusimulia utoto huo huo, baiskeli, misitu, kurudi nyumbani njaa ikiuma. Watafiti walipima wakakuta mwaka 1971 England watoto 80 katika kila 100 wenye miaka 7 na 8 walikuwa wanaenda shule bila mkubwa, mwaka 1990 wakabaki 9. Tisa tu! Wazungu ni wale wale, na wazazi walipoulizwa wanaogopa nini, kilichotajwa zaidi ni magari.

Na sheria watu wanaitia chumvi. Huku hakuna sheria inayotaja umri wa kumwacha mtoto peke yake, kosa ni kumwacha kwenye hatari. Ila mazoea yamekuwa makali kuliko sheria yenyewe. Shuleni kwa mwanangu, saa ya kutoka mwalimu anasimama mlangoni, mtoto hasogei mpaka mwalimu amwone mzazi kwa macho yake ndio anataja jina na kumwachia, na nikimtuma jirani lazima niwe nimeshapiga simu ofisini. Huyo mtoto ana miaka tisa. Mimi umri huo nilikuwa natumwa mafuta ya taa na mdogo wangu mgongoni.

Haya, tuje nyumbani. Mtoto wa dada yangu Dar anachukuliwa na basi la shule alfajiri, giza bado, anarudi jioni, tuisheni, geti linafungwa. Kiwanja tulichochezea sisi kimejaa fremu za maduka, bodaboda zinapita mpaka uchochoroni. Nikamwambia dada mwachie akacheze, akanijibu, kaka akacheze wapi, na nani atamwangalia, majirani wenyewe siwajui. Sikuwa na jibu na sidhani kama ana kosa. Ndio maana simkubali mtu anayesema nirudishe wanangu Tanzania wakapate utoto kama wangu, utoto ule hata Tanzania unakimbia.

Kuna jambo lilianza Bristol mwaka 2009, wazazi wanaomba kibali halmashauri, mtaa wao unafungwa kwa magari masaa mawili matatu, wakubwa wanasimama huku na huku, watoto wanaachiwa lami. Likasambaa miji mingi, na sisi mtaani kwetu tukafanya. Jamani nilifurahi! Watoto ambao siku zote nawaona wanashuka kwenye gari na kuingia ndani walikuwa wamelala chini wanachora kwa chaki, mwanangu akaja mbio kuniambia nyumba ya tatu kuna mtoto wa darasa lake, na tumeishi hapo miaka. Inauma kwamba mtoto anahitaji kibali kukimbia mbele ya mlango wao, lakini angalia, magari yalipoondoka tu watoto wakajua la kufanya, hakuna aliyewafundisha.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko nyumbani, kwenye vikao vya serikali ya mtaa tafadhali simamieni hili. Daini matuta kwenye barabara za ndani, na kile kipande cha wazi kilichobaki, hata kama ni vumbi tupu na magoli ya mawe, ulizeni kimeandikwa nini kwenye ramani ya mipango miji kabla hajatokea mtu na hati yake.