Msiseme "chemsheni tu"

Jumamosi iliyopita jirani yetu hapa Usa River alizindua kisima chake. Mita 90 kwenda chini, pampu mpya, simtanki la lita 5,000 juu ya mnara. Mchungaji aliomba, bomba likafunguliwa, tukapokezana kikombe. "Matamu haya!" mzee mmoja akasema, na kweli yalikuwa baridi, meupe, hayana hata harufu. Nikamuuliza mwenye nyumba kama ameyapima floraidi. Akanijibu kwa upole, "Dada yangu, sisi tutachemsha." Wote wakaitikia. Nimerudi nyumbani na donge kooni.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, hilo sikatai, na wanaochemsha waendelee. Lakini floraidi si kijidudu. Ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya huu Mlima Meru tunaouamkia kila asubuhi, na yakizidi huharibu meno na mifupa. Ukichemsha, mvuke unakwenda zake na madini yanabaki sufuriani. Maji yamepungua, floraidi iko palepale, kwa hiyo kila kikombe kinabeba zaidi ya mwanzo. Klorini haiiondoi. Chujio la mchanga haliiondoi. Na ulimi hauwezi kuionja.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nyumbani kwetu tulikunywa maji ya kisima chetu miaka 6. Fundi aliyechimba alituambia ni maji safi, tukaamini. Kila jioni nilichemsha, nikayapooza kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaona nimemlinda mwanangu. Alipofika miaka 7, meno mawili ya mbele ya ukubwani yalitoka na mistari myeupe kama chaki. Baadaye mistari ikageuka kahawia. Hakuna mswaki unaoitoa, maana jino liliharibika lingali ndani ya ufizi.

Hapa kwetu hakuna aliyemuuliza kitu, kwa kuwa wenzake wengi wako hivyohivyo. Tumezoea. Alikwenda likizo Tanga kwa shangazi yake, watoto wa kule wakamuuliza kwa nini hapigi mswaki. Tangu siku ile anacheka ameziba mdomo kwa kiganja. Na meno ndiyo nafuu. Wapo watoto wenye miguu iliyopinda, na wazee ambao migongo yao haikunjuki tena.

Ndipo nikapeleka maji maabara, kwenye chupa ya plastiki. Nililipa kiasi kisichofika gharama ya kuchimba mita moja. Jibu: miligramu 6.4 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 4, kwa kuwa sehemu kama zetu maji mengine hayakuwepo, na sisi tulikuwa tumepita hata hapo. Halafu msiegemee majibu ya jirani: visima viwili vilivyoachana hatua chache vinaweza kutofautiana kabisa.

Sasa tunatumia chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa chengachenga, maji yanapita polepole na floraidi inanasa. Wapo wanaoona kinyaa, nawaelewa. Ikichomwa vibaya maji yananuka, hilo nalo ni kweli. Kubwa zaidi ni kwamba mkaa hushiba. Siku ukishiba, maji yanaendelea kutoka meupe vilevile na floraidi imo, kwa hiyo lazima upime tena, ubadilishe. Masika tunakinga ya mvua kwenye gata, hayo ndiyo ya watoto kunywa na kupikia. Na magadi kwenye makande nimeacha, kwa sababu nayo yana floraidi.

Kuoga, kufua, kumwagilia bustani, kisima chetu kinafanya kazi yake vizuri. Simkatazi mtu kuchimba. Naomba tu kipimo kitangulie kikombe, hasa kwenye nyumba yenye mtoto ambaye hajafika miaka 8, maana huo ndio umri meno yanapojengeka.

Jirani yangu ana mjukuu wa miezi 8. Jumatatu nitampelekea chupa tupu, tuijaze pale bombani, niipeleke maabara mwenyewe.