Kombe Hula Tunachomwaga

Bibi yangu, aliyezaliwa na kukulia kusini mwa Unguja, hakuwahi kupika kombe, wale viumbe wa baharini wenye magamba mawili, siku ile ile aliyowachokoa. Alirudi kutoka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, kikapu kichwani, akawamimina kwenye ndoo ya maji ya bahari, akaifunika kwa kipande cha mkeka na kutukataza tusiiguse. "Waacheni watapike," alikuwa akituambia. Asubuhi ungekuta mchanga umetulia chini ya ndoo, na hapo ndipo alipowasha moto. Mimi nilikuja kushangazwa na jambo jingine, ambalo yeye aliliona la kawaida kabisa: siku za masika, alipochota maji yaliyochafuka kwa tope hadi yakawa kama chai ya maziwa, hazikupita saa nyingi kabla ya kuweza kuona kitako cha ndoo. Tope halikuwa limezama tu lenyewe. Kombe walikuwa wameyapitisha maji yale miilini mwao.

Tunapozungumzia ulaji wa viumbe wa majini, wengi wetu hufikiria meno. Watu wa pwani tunamjua pono, anayekwangua matumbawe kwa mdomo mgumu kama patasi na baadaye kuyatoa nyuma yakiwa mchanga mweupe. Tunamjua chewa, anayefumbua mdomo kwa ghafla hata maji yakaingia kwa kishindo, samaki mdogo akiwa ndani yake. Tunamjua kasa ng'amba anayetafuna sponji, na jongoo bahari anayemeza mchanga ili apate kilichonata juu ya chembe zake. Hawa wote hukifuata chakula kilipo. Lakini wapo ambao chakula chao kimetawanyika majini kwa udogo usioweza kuumwa kimoja kimoja, na njia yao pekee ya kushiba ni kupitisha maji mengi na kubakiza kilichomo. Potwe wa kisiwa cha Mafia, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huishi hivyo: karibu na Kilindoni huonekana akipita juu juu ya maji, kinywa wazi, akichuja uduvi. Heroe, ndege wa Ziwa Bogoria, hufanya vivyo hivyo kwa mdomo uliopinduliwa juu chini, akivuta na kusukuma maji kwa ulimi. Potwe anaogelea na heroe anatembea. Kombe hana mkia wala miguu ya kumfikisha kwenye mlo, kwa hiyo huiita bahari imjie pale pale alipo.

Namna anavyoiita inastahili kuangaliwa kwa makini. Ukimtazama akiwa ametulia majini utaona magamba yake yameachana kidogo tu, upana wa ukucha au pungufu. Ndani kuna matamvua mapana yaliyokunjwa kama kurasa, na matamvua hayo yamefunikwa na vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga bila kukoma na kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine, hata maji yakavutwa upande mmoja na kutoka upande mwingine. Chembe zisizofikia hata sehemu ya mia ya milimita hunaswa hapo, zikavikwa ute, zikasafirishwa juu ya matamvua kama mizigo juu ya mkanda wa kiwandani hadi karibu na kinywa. Hapo kuna vipande vya nyama laini ambavyo huchambua: mwani mdogo wenye lishe huingia, na udongo mwingi usiofaa hufungwa tena kwa ute na kutupwa nje bila kupita tumboni. Vidonge vile vya ute na tope, kwa kuwa ni vizito, huzama. Ndiyo maana ndoo ya bibi ilikuwa ikitakata.

Kwa hiyo si kweli kwamba kombe humeza kila kitu. Anachambua, tena kwa ustadi. Lakini uchambuzi wake ni wa ukubwa wa chembe na ubora wake kama chakula. Hana namna ya kumtambua kirusi kilichotoka chooni kwa binadamu, wala madini ya risasi au zebaki yaliyoyeyuka majini. Vitu hivyo huingia, na baadhi yake hukaa. Kwa kuwa anapitisha maji mchana na usiku kila anapofunikwa na bahari, kiasi kinachokusanyika mwilini mwake chaweza kuzidi mara nyingi kile kilichomo katika maji yanayomzunguka.

Jambo hili liliwahi kuonekana kwa namna ya kutisha nchini China. Mwanzoni mwa mwaka 1988 jiji la Shanghai lilikumbwa na homa ya ini aina ya A, na watu karibu 300,000 waliugua ndani ya miezi michache. Chanzo kilikuwa kombe, wa jamii moja na hawa wetu wenye damu nyekundu, waliovunwa katika maji yaliyoingiwa na maji taka na kuliwa baada ya kuchovywa kidogo tu katika maji ya moto. Sisi huwachemsha zaidi, na hilo linatusaidia sana dhidi ya vijidudu. Hata hivyo, moto hauondoi metali, wala hauvunji sumu za aina fulani za mwani mdogo ambazo kombe huzikusanya bila yeye mwenyewe kudhurika.

Ninaandika haya kwa sababu mwaka jana, nilipokwenda kijijini, nilikuta bomba limetokeza chini ya ukuta wa nyumba ya wageni iliyojengwa karibu na mahali ambapo bibi alikuwa akichokoa. Maji ya kijivu yenye povu yalikuwa yakitiririka juu ya mchanga, na hatua zisizofika mia kutoka hapo wanawake watatu walikuwa wameinama na vijiti vyao. Niliwasalimu na kuwauliza kuhusu bomba lile. Mmoja akanijibu kwamba bahari ni kubwa, mwanangu, inajisafisha. Sikuwa na la kumjibu papo hapo, na limenisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu anayeisafisha bahari pale ndiye aliyekuwa ndani ya kikapu chake.

Maoni yangu ni kwamba tunakosea tunapodhani kuwa usalama wa ufuo hujulikana kwa kuyatazama maji, au hata kwa kuyapima peke yake. Maji ya leo si ya jana. Yakipwa na kujaa, ushahidi umeondoka nayo. Kombe hukaa pale pale, na mwili wake ni kumbukumbu ya wiki na miezi. Mwanakemia wa Marekani, Edward Goldberg, alipendekeza mwaka 1975 kwamba viumbe wa jamii hii watumike kupima uchafuzi wa pwani za dunia, na tangu mwaka 1986 Marekani imekuwa na mpango wa kitaifa unaofanya kazi hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya huyapanga maeneo ya uvunaji kwa madaraja, kwa kuhesabu katika gramu 100 za nyama bakteria wa E. koli, wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama na hivyo kuonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini. Daraja la juu, ambalo mavuno yake huruhusiwa kuuzwa moja kwa moja, msingi wake ni hesabu isiyozidi 230. Wanaovunwa katika daraja linalofuata hulazimika kusafishwa kwanza au kupikwa kwa njia iliyoidhinishwa, na kwa miaka mingi kanuni ya Uingereza ilikuwa kuwaweka katika matangi ya maji safi ya bahari kwa saa zisizopungua 42. Nikikumbuka ndoo ya bibi, naona alikuwa na wazo hilo hilo. Alichokosa ni muda mrefu zaidi, na uhakika wa maji aliyochota.

Sidai kwamba tuanze na maabara ya kifahari katika kila kijiji. Kuhesabu bakteria hao ni kazi ambayo maabara ya kawaida ya maji inaiweza, na sampuli ni kombe kumi au kumi na watano tu. Wachukuliwe mara tatu kwa mwaka, mojawapo ikiwa mara baada ya masika, wakati mvua imekwisha kusomba vyoo na mitaro kuelekea baharini. Wachokoaji wenyewe ndio wachague maeneo, kwa kuwa wao ndio wanaojua wapi wanavuna na wapi bomba jipya limetokeza. Majibu yasiishie kwenye faili la ofisi: yasomwe pwani, kwa sauti, siku ya bamvua, kabla wanawake hawajaingia na vikapu vyao.