Mchechen kwenye wimbo wa kumlaza mtoto

Mama ameketi kando ya susu, anambembeleza mwanawe alale. Nje Mto Terek unavuma juu ya mawe. Mara, katika ubeti huohuo, anatokea mtu: Mchechen mbaya, anatambaa kuja ukingoni huku akinoa jambia lake. Usiogope, mwanangu, mama anasema, baba yako ni askari mkongwe, vita vimemkomaza. Lala.

Hilo ni shairi la Mikhail Lermontov, mshairi wa Urusi, la mwaka 1838. Terek ni mto wa Caucasus, na Wachechen ni watu wa milima ya huko. Nilipolisoma mara ya kwanza niliuona uzuri wake tu, maana kwa hakika ni zuri. Ni wimbo wa mama anayejua kwamba siku moja mtoto huyu atapanda farasi aende vitani, naye atabaki akilia usiku. Ilinichukua miaka kugundua kitu kingine kilichomo: mtoto wa Kirusi anaimbiwa adui yake kabla hajaota meno. Mchechen hana jina, hana mama, hana susu kwake. Ana jambia tu. Na hakuna mahali shairi linapouliza Warusi walifikaje kwenye mto ule.

Nimeanza na wimbo huu kwa sababu watu wakizungumzia utaifa katika fasihi ya Urusi huanza na roho ya Kirusi, theluji, mateso na imani. Mimi naona swali la kumuuliza kila mmoja wa waandishi hawa ni lile la Mto Terek. Unaipenda nchi yako, sawa. Mtu wa ng'ambo ya mto umemwandikaje?

Lazima nikiri kwamba hadithi ya namna Warusi walivyojitafuta kwa kalamu inanigusa sana. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakubwa wa nchi ile walikuwa wageni nyumbani kwao. Walilelewa na walezi wa Kifaransa, wakachumbiana kwa Kifaransa, na wengi Kirusi walikitumia zaidi kuwaamuru watumishi. Katika *Eugene Onegin*, riwaya ya kishairi, Aleksandr Pushkin anamwita Tatyana binti mwenye roho ya Kirusi asiyejua kwa nini. Lakini Tatyana huyohuyo anapoandika barua ya mapenzi, anaiandika kwa Kifaransa, kwa kuwa lugha yake mwenyewe inamshinda. Mwaka 1836 mwanafikra Pyotr Chaadaev alichapisha barua iliyosema kwamba Urusi haijaipa dunia chochote. Jarida lililoichapisha lilifungwa, naye akatangazwa mwendawazimu. Barua yenyewe aliiandika kwa Kifaransa.

Hata *Vita na Amani* ya Lev Tolstoy inaanza kwa Kifaransa, katika sebule ya bibi mkubwa wa Petersburg, mji mkuu wa wakati ule, mwaka 1805. Halafu, mamia ya kurasa baadaye, inakuja ile jioni ambayo mimi siichoki. Natasha Rostova, binti wa kabaila, ametoka kuwinda na kaka zake, wanafikia kwa ndugu mmoja wa familia wanayemwita Mjomba. Nyumba ni ya mbao, chakula ni uyoga, asali na kuku wa kuchoma. Mjomba anachukua gitaa, anaanza wimbo wa kijijini. Natasha anatupa shali yake, anashika kiuno, anatikisa bega. Anapatia. Kila hatua ni ile yenyewe, ile ya wakulima, ambayo hakufundishwa na mtu. Tolstoy anauliza binti huyu aliivuta wapi roho hii, naye amelelewa na mlezi wa Kifaransa. Pembeni yupo Anisya Fyodorovna, mwanamke wa nyumba ile, anayempa Natasha kitambaa cha kuchezea kisha anacheka huku machozi yakimtoka, akimtazama binti aliyekulia kwenye hariri na mahameli akiyajua yote yaliyomo ndani yake, Anisya, na ndani ya kila Mrusi.

Nikisoma hapo moyo hunijaa. Lakini naona pia kwamba ni kabaila ndiye anayeiandika ndoto hii. Wakulima wenye ngoma ile walikuwa mali ya mabwana wao, wakiuzwa na kurithishwa, mpaka mwaka 1861. Taifa moja ndani ya wimbo mmoja: bwana aliweza kulihisi jioni moja kisha akarudi kwenye jumba lake. Anisya machozi yake yalikuwa ya nini, Tolstoy anatueleza kwa niaba yake. Sisi hatukumsikia mwenyewe.

Hayo ni ya ndani ya nyumba. Ya jirani ni mazito zaidi.

Pushkin ndiye anayeniuma kuliko wote, na nadhani Mwafrika yeyote atanielewa. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitekwa Afrika akiwa mtoto, akapelekwa Istanbul, kisha akafikishwa kwa Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, na mwishowe akawa jenerali. Wataalamu bado wanabishana kama alitoka upande wa Eritrea na Ethiopia au karibu na Ziwa Chad. Pushkin aliionea fahari damu hiyo, hata akaanza kumwandikia babu huyo riwaya. Basi mwaka 1831, watu wa Poland walipokuwa wamesimama kudai uhuru wao kutoka kwa Urusi, Pushkin aliwaandikia Wafaransa waliowatetea kwamba wasiingilie, huu ni ugomvi wa ndugu, maana Warusi na Wapoland wote ni Waslavu. Akauliza: vijito vya Waslavu vitamiminika katika bahari ya Urusi, au bahari itakauka? Warsaw ilipoangushwa, alishangilia kwa shairi jingine. Kitukuu wa mtoto aliyetekwa! Rafiki yake, Pyotr Vyazemsky, alichukizwa na mashairi hayo akayalaani katika daftari zake. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba zama zile kila mtu alifikiri hivyo.

Tazama pia vijana wawili wa Ukraine, mmoja wa 1809, mwingine wa 1814. Nikolai Gogol alikwenda Petersburg akaandika kwa Kirusi, akawa nguzo ya fasihi ya Urusi. Mwaka 1844 alimwandikia rafiki yake kwamba hajui roho yake ni ya Kirusi au ya Kiukraine, na hapo kwa Kiukraine alitumia jina la utani la dharau ambalo Warusi waliwaita watu wake. Riwaya yake ya *Taras Bulba* ilitoka mwaka 1835. Alipoitoa upya mwaka 1842 aliijaza Urusi, hata mzee Taras anakufa motoni akitabiri kuja kwa Tsar, mfalme wa Urusi.

Taras Shevchenko alizaliwa mtumwa wa shamba. Uhuru wake ulinunuliwa kwa rubo 2,500 mwaka 1838. Mashairi yake aliyaandika kwa Kiukraine, na wakosoaji wa mji mkuu wakaidharau lugha hiyo kuwa ya washamba. Mwaka 1847 alikamatwa akapelekwa uaskari wa mbali, na Tsar Nicholas wa Kwanza akaongeza kwa mkono wake kwamba azuiwe kuandika na kuchora. Kufikia mwaka 1876 karibu kila uchapishaji wa Kiukraine katika dola ile ulikuwa marufuku.

Ninapomfikia Shevchenko narudi Terek. Mwaka 1845 rafiki yake alikufa huko Caucasus akiwa amevaa sare za jeshi la Tsar. Shevchenko akaandika shairi la kumlilia, na ndani ya maombolezo hayo akawageukia watu wa milimani, walewale ambao rafiki yake alitumwa kuwapiga, akawaambia: pambaneni, mtashinda. Ni miaka saba tu tangu wimbo wa Lermontov, na milima ni ileile. Hapa mtu wa ng'ambo ana ardhi yake, mkate wake, kibanda chake ambacho hakupewa na mfalme yeyote.

Fyodor Dostoyevsky nitampitia haraka kwa sababu ananikasirisha, na riwaya zake nazipenda. Juni 1880, sanamu ya Pushkin ilipozinduliwa Moscow, alitoa hotuba iliyowatoa watu machozi: Mrusi wa kweli ni ndugu wa binadamu wote. Miezi michache baadaye, Januari 1881, jeshi la Urusi lilipouteka Geok Tepe katika nchi ya Waturkmen, aliandika kwamba Ulaya tulikuwa watumwa, Asia tutaingia kama mabwana. Kalamu ni ileile. Udugu wa binadamu wote uliishia pale Asia ilipoanzia.

Mwaka 2022, majeshi ya Urusi yalipoushika mji wa Kherson, Ukraine, mabango yenye picha ya Pushkin yalisimamishwa barabarani kuwakumbusha wakazi kwamba mji ni wa historia ya Urusi. Waukraine nao wakawa wanaziondoa sanamu zake miji mbalimbali. Siwalaumu. Sanamu si kitabu, na aliyelipuliwa nyumba ana haki ya kuchagua atakayemwona akipita njia. Ila sisi tulio mbali tusikubali kumpokea Pushkin wa bango, wala tusimtupe Tolstoy, maana Tolstoy alirudi mtoni.

Aliwahi kupigana Caucasus akiwa kijana, miaka ya 1850. Alipokuwa mzee, kati ya 1896 na 1904, aliiandika *Hadji Murat*, kitabu chembamba kilichochapishwa mwaka 1912 baada ya kifo chake. Ningeulizwa niwaanzishe wasomaji na kitabu gani cha Kirusi, ningetaja hiki. Humo kikosi cha Warusi kinapita kijijini. Sado, Mchechen wa hapo, anarudi anakuta dari imeporomoka, mizinga ya nyuki imechomwa, miaprikoti na micheri aliyoipanda imevunjwa. Mwanawe, kijana mzuri mwenye macho ya kung'aa, ameletwa msikitini juu ya farasi, amechomwa singe mgongoni. Kisima kimechafuliwa makusudi. Wazee wanakaa uwanjani, na hakuna anayetamka neno chuki, kwa sababu wanachokihisi kimevuka chuki. Mchechen sasa ana nyuki, ana mtoto, ana mama wa mtoto aliyerarua nguo zake akimlilia.

Mwishoni afisa mmoja anafika usiku kwenye ngome ya Warusi na gunia. Ndani kuna kichwa cha Hadji Murat, kiongozi wa watu wa milimani, ambaye wiki chache nyuma alikuwa mgeni wao hapohapo. Wanaume wanakisogeza kwenye mwanga wa mbalamwezi wakitazame. Marya Dmitrievna, anayeishi na meja wa ngome, anageuka anaingia ndani. Afisa kijana anamfuata, anamwambia haya humpata yeyote, ndiyo vita. Vita gani, anajibu mama wa Kirusi. Wachinjaji nyinyi. Maiti huzikwa, nyinyi mnacheka. Anashuka ngazi, anaingia ndani kwa mlango wa nyuma.